Miguu haifiki chini: R6 ya rafiki au Ninja 400?

"Mtaalamu, shikamoo. Nina urefu wa sentimita 157 na uzito wa kilo 54. Nina mwaka mmoja na miezi miwili naendesha Boxer 150 kutoka Mbagala kwenda kazini Posta, na leseni ninayo. Sasa nataka pikipiki ya spoti. Rafiki yangu anauza Yamaha R6 ya mwaka 2008 kwa bei ya kirafiki. Niliikalia, miguu inagusa chini kwa ncha za vidole tu. Fundi wake anasema hilo si tatizo, atashusha shokapu ya nyuma na kukata sponji ya siti. Kuna muuzaji mwingine ana Kawasaki Ninja 400 iliyotoka Japani. Hii naifikia vizuri kidogo, ila visigino bado viko hewani. Watu wananiambia Ninja 400 ni ya kujifunzia, nitaichoka kabla ya miezi mitatu, heri ninunue kubwa moja kwa moja. Wengine wanasema kwa urefu wangu niachane na spoti kabisa, nichukue skuta. Naomba ushauri."

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na wanaokushauri wameyachanganya hadi yameonekana moja. La kwanza ni miguu kufika chini. La pili ni pikipiki ipi inamfaa mtu aliyezoea Boxer kwa mwaka mmoja na kitu. La kwanza lina dawa nyingi. La pili ndilo linalopeleka watu hospitali, na kwenye ujumbe wako hakuna aliyekueleza hatari yake. Nikupe jibu langu kabisa usije ukasoma kwa wasiwasi: R6 iache, Ninja 400 ichukue kama itapita ukaguzi nitakaoueleza huko chini, na sponji ya R6 asiikate mtu kwa ajili yako.

Tuanze na hili la miguu. Imani kwamba lazima nyayo zote mbili zilale chini ndipo uwe salama si kweli. Ukiwa unatembea, miguu iko kwenye vikanyagio, na pikipiki inajisimamia yenyewe. Mguu unahitajika unaposimama, na hapo unahitajika mmoja uliokanyaga kwa uhakika, kwa sababu wa pili mara nyingi uko kwenye breki ya nyuma. Dani Pedrosa wa Uhispania ana urefu wa kama sentimita 160 na mwili mwembamba, na ameshinda mbio 31 za MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani. Ila usimtumie kama hoja ya kununua R6, maana Pedrosa hasimami kwenye foleni ya Mtoni kwa Azizi Ali mvua ikinyesha, na akiingia gereji kuna mafundi wanaoidaka pikipiki kabla hajashuka.

Namba ya kimo cha siti unayoiona kwenye karatasi, milimita 850 kwa R6 na 785 kwa Ninja 400, ni mwanzo wa hesabu tu. Kwanza jua urefu wa miguu yako. Simama peku, mgongo ukutani, bana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja kama vile umekikalia, mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Mtu wa sentimita 157 mara nyingi anapata kati ya 70 na 73. Tuchukue 72. Ukivaa buti lenye soli ya sentimita mbili na nusu, una 74.5. Sasa ukikaa, springi zinabonyea. Kwa uzito wako tuseme sentimita mbili na nusu hivi, hivyo siti ya Ninja inashuka hadi kama 76 na ya R6 hadi 82.5. Halafu kuna upana: siti ikitanua mapaja, mguu haushuki wima tena, unakwenda kwa mshazari, na hapo unapoteza sentimita tatu hivi nyingine.

Jumlisha uone. Kwenye Ninja unapungukiwa sentimita nne au tano, yaani unakanyaga kwa vifundo vya vidole, kisigino kimeinuka kidogo. Kwenye R6 unapungukiwa kama kumi na moja, na kumi na moja ndiyo ncha za vidole, hakuna kilichobaki. Ndiyo maana ulivyohisi ulipozikalia ndivyo hesabu inavyosema. Kwenye Ninja, ukisogeza nyonga upande mmoja sentimita chache tu, unyayo wa upande huo unalala chini wote. Kwenye R6 hata ukisogea hivyo kisigino hakifiki.

Kwa nini sentimita hizo zina uzito namna hii? Pikipiki ikisimama wima, hata ya kilo 168 kama Ninja 400, unaishikilia kwa vidole viwili. Tatizo linaanza ikiinama. Kwa hesabu ya haraka, ikiinama nyuzi 5 unahitaji kuisukuma kwa nguvu ya kama kilo 8 kwenye usukani ili isiendelee. Nyuzi 10, kilo 16. Nyuzi 20, zaidi ya 30. Mguu unaokanyaga vizuri unaidaka kwenye nyuzi 3 au 4, wakati bado nyepesi. Mguu wa kuning'inia unasubiri pikipiki iinamie kwako ndipo ugote chini, na wakati huo mzigo umeshakuwa mkubwa, kidole cha mguu kiko juu ya mchanga au oili iliyomwagika, na huna kisigino cha kusukumia. Hapo pikipiki haianguki kwa kuwa huna nguvu. Inaanguka kwa kuwa umeidaka umechelewa.

Na kuna jambo la barabara zetu ambalo watu hawalisemi. Tunaendesha kushoto, na barabara nyingi zimeinuka katikati zikateremkia pembeni ili maji yatoke. Ukisimama karibu na ukingo wa kushoto, ardhi ya upande wa mguu wa kushoto iko chini zaidi ya ile ya kulia, na wewe mwenye miguu mifupi unaweka mguu wa kushoto kwa mazoea. Sentimita mbili tatu zimepotea hapo hapo. Pale palipoteremka hivyo, shika breki ya mbele kwa mkono na uteremshe mguu wa kulia, ule wa upande wa juu. Pale palipo sawa, rudi kwenye desturi: kushoto chini, kulia kwenye breki. Kabla hujasimama angalia mita tatu mbele unakwenda kukanyaga nini, kama ni shimo, kokoto au mfereji. Dereva mrefu anaweza kupuuza hilo. Wewe huwezi.

Sasa twende kwa fundi na pendekezo lake. Sina haja ya kumtuhumu, kushusha pikipiki ni kazi halali na watu wanaifanya. Ila ulielezwa nusu. Kwenye R6, nyuma hushushwa kwa kubadilisha vyuma viwili vidogo vinavyounganisha shokapu na mkono unaoshika tairi la nyuma, unaweka virefu zaidi. Ukishusha nyuma peke yake, pua inainuka, shokapu za mbele zinalala zaidi, na usukani unakuwa mzito kuingia kwenye kona. Pikipiki inataka kwenda moja kwa moja. Ili kurudisha uwiano, mbele nako lazima kushushwe kwa kupandisha mirija ya shokapu ndani ya vishikio vyake, kiasi kinachokaribiana na cha nyuma. Ukizidisha mbele, shokapu ikibonyea hadi mwisho, madigadi au tairi linaweza kugonga rejeta. Ukizidisha nyuma, tairi linaweza kugusa plastiki za chini ya siti ukipita shimo.

Hapo bado. Stendi ya pembeni inabaki na urefu wake wa zamani, hivyo pikipiki iliyoshushwa sentimita tatu inaegeshwa karibu wima, na upepo au mtu aliyeiparamia anaiangusha upande wa kulia. Stendi lazima ikatwe na kuchomelewa na mtu anayejua. Cheni inabadilika mvutano, ipimwe upya. Nafasi kati ya ardhi na tumbo la R6 ni milimita 130 ikiwa mpya kiwandani. Toa 30, umebaki na 100, yaani upana wa kiganja. Kisha fikiria tuta lililomwagwa na wananchi wenyewe bila kipimo. Kitakachogonga kwanza ni mabomba ya moshi na sehemu ya chini ya injini, mahali oili inapokaa.

Na baada ya kazi yote hiyo umepata sentimita tatu, labda tano ukiongeza sponji, kati ya kumi na moja ulizopungukiwa. Umeharibu mwenendo wa pikipiki na bado hufiki.

Fundi yeyote akikuambia atakata springi ya shokapu ili ishuke, mshukuru, ondoka. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi na safari yake inakuwa fupi, na shokapu inagota mwisho kila shimo.

Hata hivyo, miguu si sababu yangu kubwa ya kukukataza R6. Ungekuwa na urefu wa sentimita 180 ningekuambia vivyo hivyo kwa uzoefu ulionao. Boxer 150 ina nguvu farasi kama 12. Ninja 400 ina 45. R6 ya 2008 inapita 115, na nguvu hizo zimejificha juu. Kwenye mizunguko 3,000 au 4,000 inatembea kwa upole kiasi cha kukudanganya kwamba mmeshazoeana. Ukivuka 10,000 inakuwa pikipiki nyingine. Gia ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa, mara mbili ya kikomo cha 50 cha maeneo ya makazi. Maana yake ni kwamba maisha yote ya mjini utaendesha kwenye gia ya kwanza na ya pili ukiwa umeshika klachi nusu, huku joto la injini ya silinda nne likikuchoma mapaja. Mgandamizo wa injini ile ni zaidi ya 13 kwa 1, inadai petroli safi ya okteni ya juu. Mafuta ya kubahatisha inayalipiza.

Kisha kuna breki, na hapa naomba usome taratibu. Boxer ina breki za shuu mbele na nyuma. Mwaka mzima mkono wako umefundishwa kubana kwa nguvu ili kitu kitokee, na mguu wako wa kulia umefundishwa kufanya kazi kubwa. Wengi mitaani wanaambizana kwamba breki ya mbele inaangusha, usiiguse. Ukweli ni kinyume. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele, tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kushika vizuri, la nyuma linabaki jepesi na kuteleza. Anayetumia ya nyuma pekee anahitaji karibu umbali mara mbili kusimama. Kinachoangusha ni kuidaka ya mbele ghafla, kabla uzito haujafika huko. Igusie kwanza, shokapu zibonyee, ndipo uikamue kwa kuongeza, kama mtu anavyokamua tui kwenye kifumbu, nguvu inapanda na haipigi mara moja.

R6 ina diski mbili za milimita 310 mbele, na ile ya 2008 haina ABS, ule mfumo unaozuia tairi lisifunge ukibana breki, wala kitu cha kuzuia tairi la nyuma lisizunguke bure. Vitu hivyo viliingia kwenye R6 mwaka 2017. Kwa mkono uliofundwa na breki za shuu, siku daladala ikikata mbele yako bila indiketa, ubanaji wako wa kawaida unatosha kufunga tairi la mbele kabisa. Ninja 400 ina diski moja mbele ya kipimo hicho hicho, na nyingi za soko la Japani zina ABS. Thibitisha hiyo ya muuzaji wako: kwenye diski ya mbele kuna pete nyembamba yenye matundu ya mraba na waya unaokuja karibu nayo, na ukiwasha swichi taa ya ABS inawaka kwenye dashibodi, kisha inazima ukianza kutembea. Pete ikiwepo na taa isiwake kabisa, mtu ameikata.

Kuhusu kuichoka baada ya miezi mitatu: unatoka farasi 12 kwenda 45, karibu mara nne. Ninja 400 inapita kilomita 160 kwa saa bila kuhangaika, na hakuna barabara kati ya Mbagala na Posta inayoweza kukuonyesha mwisho wake. Nchi za Ulaya zinampa dereva wa leseni ya A2 ukomo wa kilowati 35, nguvu farasi kama 47. Ninja 400 iko ndani ya ukomo huo kwa makusudi. Japani nako leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia 400 cc, ndiyo maana za 250 na 400 ndizo zinazotoka huko kwa wingi. Sasa hao wanaosema ni ya kujifunzia, waulize wameiendesha kilomita ngapi. Ukweli ni kwamba kwenye pikipiki ndogo unajifunza haraka zaidi, kwa sababu unaweza kuvuta mafuta hadi mwisho, kukosea, na kusahihisha. Kwenye R6 kosa la mkono ni safari ya hewani.

Wanaokuambia skuta nao wana nia njema, ila urefu haukufukuzi kwenye spoti. Kinachokusumbua kwenye spoti, pengine kuliko siti, ni mikono. Usukani uko chini na mbele. Ukikaa, viwiko vinapaswa kubaki vimekunjika kidogo. Vikinyooka kama fimbo, umejinyoosha mno, na hapo hushiki usukani, umeuegemea. Kila mtikisiko wa mwili unaingia kwenye tairi. Kwenye Ninja 400 usukani umepanda juu kidogo kuliko kwenye R6, na hilo kwa mwili wako ni faida kubwa isiyoandikwa kwenye tangazo. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto ukiwa umekaa. Kwenye pikipiki za mbio haugeuki sana, ndiyo maana kugeuza kwenye kichochoro kunahitaji kushuka na kusukuma, na ukisukuma kilo 188 za R6 kurudi nyuma kwa ncha za vidole utanikumbuka.

Kama Ninja hiyo itakuwa na kasoro, usione dunia imeisha. Yamaha R3 ina siti ya milimita 780, uzito wa kilo 169 hivi, nguvu farasi 42, na tumbo lake liko milimita 160 kutoka ardhini, zaidi ya Ninja yenye 140. Kwa matuta yetu hilo nalipenda. Honda CBR250R ni ya silinda moja, haina papara, siti yake iko karibu na hizo, na kwa mtu anayetoka kwenye Boxer ni hatua laini sana. Yamaha R15 ya toleo la tatu ina siti ya 815, namba inayotisha, lakini ina kilo 142 tu na ni nyembamba. Ikalie kabla hujaikataa. Honda CBR500R ina siti ya 785 kama Ninja ila inapita kilo 190, na kwako uzito huo utauhisi kila ukiegesha. Kuna TVS Apache RTR 200 na Bajaj Pulsar NS200 pia, siti kama 800 na kilo 150 na kitu. Si spoti kamili kwa ukaaji, lakini ukitaka kuzoea diski na mwendo bila kuumiza mfuko ni chaguo la heshima. Usidhani tu kwamba kwa vile spea za Boxer zinauzwa hadi kwenye genge, za Pulsar NS200 nazo ni hivyo. Uliza bei ya liva, taa na plastiki za pembeni kabla ya kununua.

Tuseme umeichukua Ninja. Mambo ya kufanya ili ikukae, kwa mpangilio wa bei, kuanzia ya bure. Shokapu ya nyuma ina ngazi tano za kukaza springi. Watengenezaji huweka springi kwa mtu mzito kuliko wewe, na mtu mwepesi haibonyezi vya kutosha, hivyo anakaa juu kuliko dereva mwingine kwenye pikipiki ile ile. Legeza hadi ngazi ya chini kabisa, kisha mtu apime: pikipiki ikining'inia bila mzigo, na tena ukiwa umekaa na nguo zako zote. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ikiwa milimita 30 hadi 35 umefika pazuri. Ikipita 40, kaza ngazi moja. Hiyo si kudanganya pikipiki, ndiyo kazi ya kile kirekebisho. Pili, buti: soli ngumu ya sentimita mbili na nusu au tatu, isiyoteleza, inayofunika kifundo cha mguu. Ukivaa soli nene, kidole hakitaingia vizuri chini ya gia. Irekebishe kwa kile kifimbo chenye nati mbili, zungusha kidogo kidogo hadi mguu uingie bila kuinua goti. Tatu, sponji. Hapa nakubaliana na fundi wa rafiki yako kwa sehemu: kata, lakini kata mabega ya mbele ya siti, pale mapaja yanapopita, kabla ya kugusa juu. Kupunguza upana kunakupa sentimita bila kuumiza makalio. Juu usiondoe zaidi ya sentimita mbili, na ibaki angalau sentimita tatu juu ya sahani ya plastiki, la sivyo utafika Kibiti umesimama. Kushusha shokapu kwa vyuma, kwa Ninja, sioni haja.

Angalia na liva. Vidole vifupi vikitumika kufikia klachi ya mbali, mkono unachoka foleni moja tu. Klachi ya Ninja 400 ni laini, lakini umbali wa liva ndio uupime kwa mkono wako. Liva za kurekebishika zinapatikana, ila zile za bei ya karanga hukatika kwenye kiungo, usiziweke upande wa breki.

Ukaguzi wa pikipiki iliyotoka Japani una siri moja. Kule, inayozidi 250 cc lazima ikaguliwe rasmi, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu kisha kila miwili. Za 250 kushuka hazilazimiki. Kwa hiyo 400 ina uwezekano mkubwa wa kuwa imetunzwa kwa kulazimishwa, lakini tangu ishuke bandarini hakuna anayeilazimisha. Fika asubuhi injini ikiwa ya baridi, shika kwa mkono, na umwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika. Inua mbele kwa stendi, zungusha usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukihisi inashikwa katikati kama imeingia kwenye kishimo, beringi za usukani zimekwisha. Tazama vikomo vya usukani chini ya tangi, vile vyuma vinavyouzuia usigeuke zaidi. Vikiwa vimebonyea au vimepakwa rangi mpya, pikipiki hii iliwahi kuanguka vibaya, achana nayo hata kama plastiki zinang'aa. Pitisha kidole kwenye mirija ya shokapu za mbele: oili inamaanisha sili zimechoka, mikwaruzo au vitobo vya kutu inamaanisha utabadilisha sili kila mwezi. Kwenye tairi tafuta namba nne ndani ya duara, mfano 2319, yaani wiki ya 23 mwaka 2019. Likizidi miaka sita, hesabu jipya kwenye bei, hata kama meno yamejaa, maana mpira umeshakauka na hautashika lami yenye maji. Diski ina unene wa chini uliochongwa juu yake, pima. Namba ya fremu ilinganishe na kadi kwa herufi moja moja. Mwisho, weka gia ya kwanza huku umeshika klachi, kisha teremsha stendi ya pembeni: injini lazima izime. Isipozima, mtu ameunganisha waya moja kwa moja, na siku utakayosahau stendi imeshuka, kona ya kushoto itakukumbusha.

Ukiipata, usiende Posta nayo Jumatatu. Tafuta uwanja tupu wa lami, nenda asubuhi mapema siku nne tano. Tembea mita 20 kwa mwendo wa kobe, klachi nusu, mguu wa kulia umebana breki ya nyuma kidogo, macho mbali na tairi. Tengeneza namba nane. Kisha breki: kutoka 30, halafu 40, halafu 50, mara kumi kila moja, hadi mkono usahau shuu za Boxer. Kwa 50 unasafiri karibu mita 14 kila sekunde kabla hata hujagusa breki, na mwili uyajue hayo kabla ya barabara. Fanya pia mazoezi ya kuegesha: pua iangalie juu ya mteremko, gia ya kwanza imeingia. Ukiiingiza pua chini kwenye mteremko mbele ya duka, kuirudisha nyuma kwa miguu yako hutaweza, utaomba vijana wakusaidie.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi. Kipimo cha shokapu kinahitaji mtu wa pili mwenye tepu na uzoefu wa pikipiki kubwa, na kama utaamua kushusha chochote kwa vyuma, fundi huyo akuonyeshe alizokwisha kuzishusha, akueleze atafanya nini na stendi na mbele. Akijibu "usijali", mjali wewe. Kama breki ya dharura bado inafunga tairi baada ya siku tano za mazoezi, mtafute mwalimu wa udereva wa pikipiki akae pembeni akutazame, macho ya mtu mwingine yanaona kiwiko kilichokakamaa ambacho wewe hukihisi. Ganzi ya vidole au maumivu ya kiganja kwa siku chache ni mwili unazoea ukaaji. Ikiendelea wiki mbili, au ikikuamsha usiku, nenda kwa daktari, usibadilishe tu glavu.

Na kabla ya kupatana bei, tenga kwanza pesa ya helmeti yenye alama ya ECE 22.05 au 22.06 (kiwango cha usalama cha Ulaya), glavu na buti. Hiyo si ya kubaki baada ya kununua. Rafiki yako wa R6 mwambie mapema asikusubiri. Wenye miguu mirefu wanaoitamani hawakosekani.